Banatosha

Harufu ya chisense wakianikwa juani, wale samaki wadogo ambao huku Nchelenge hatuwauzi mmoja mmoja bali kwa kikopo, bado inanitia aibu. Mimi mtu mzima, mwenye watoto wangu, napita ufukweni nimeinama kama niliyetukanwa.

Nilikuwa darasa la tano. Vita vilikuwa vimetufukuza kutoka Pweto, ng'ambo ya ziwa, na Kiingereza nilikila kama ugali wa moto, tonge dogodogo huku napuliza. Siku hiyo mwalimu alichora mstari katikati ya ubao. Upande mmoja akaweka vitu vinavyohesabika, hivyo unasema many. Upande wa pili maji, unga na mchanga, hivyo ni much. Zogo likazuka juu ya chisense. Watoto wa wavuvi walikataa katakata kwamba kuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kukaa chini akahesabu chisense. Mwalimu alicheka mpaka akaweka chaki mezani.

Kisha akanisimamisha mimi. Nyumbani kwenu mko watoto wangapi?

Sasa nisikilizeni vizuri. Mama yangu hakuruhusu jambo hilo. Mtu akimuuliza ana watoto wangapi, alijibu neno moja tu: "Banatosha," yaani wanatosha. Na sisi alituonya: "Batu banahesabu kuku, habahesabu batoto." Wazee wengi wa kwetu waliamini kwamba ukitaja idadi, kifo kinasikia, nami nilidhani mama anaogopa hilohilo. Basi nikautazama ubao, nikawaza kwamba kama watoto hawahesabiwi, mahali pao ni kule kwenye maji na unga. Nikasema kwa sauti, much children.

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu, ambaye wala hakuwa mtu mbaya, akaniambia kwa Kibemba, lugha ya huku, nitumie vidole. Nilichotaka ni kukaa chini tu. Nikainua mkono, nikawa namtaja kila mmoja, mimi mwenyewe nikiwemo, na kukunja kidole. Watano, mkono ukajaa. Wakanipigia makofi, na mimi mjinga nikafurahi.

Furaha iliishia mlangoni mwa shule. Njia nzima niliamini nimekiita kifo nyumbani. Nilimkuta mama anageuza chisense mchangani. Nikamweleza yote, nikangoja kofi. Hakunipiga. Aliuliza tu, mikono ikiendelea na kazi:

"Na Kasongo, ulimuweka wapi?"

Kasongo ni kaka yangu aliyenitangulia kuzaliwa. Homa ilimchukua kulekule Pweto tukiwa tunasubiri mtumbwi. Tulimzika haraka, tukavuka. Mimi sikumkunjia kidole. Hata jina lake halikunijia, na tulikuwa tumelala mkeka mmoja miaka yote. Niliona haya, nikakosa pa kuweka mikono.

Nilikuja kuelewa baada ya kuzaa mwenyewe. Mama hakuwa akiogopa kwamba kifo kitasikia. Idadi yoyote ambayo angetaja ingemuumiza. Akimweka Kasongo, watu wangeuliza yuko wapi. Akimwacha, angekuwa amemzika mara ya pili.

Siku hizi wenzangu wakiniuliza kwetu tumezaliwa wangapi, najibu kama yeye, kwamba tunatosha. Halafu natazama pembeni, kwa sababu hatutoshi.