Mama Stuli, Mlezi wa Wageni Kazini

Alizaliwa mwaka wa njaa, binti wa mwisho wa seremala na mshona nguo, akabatizwa wiki hiyo hiyo kwa kuwa hakuna aliyetarajia angeishi. Aliishi. Alisoma kwa shida, akahitimu utaalamu wa maabara, kisha akazunguka na cheti chake hospitali hadi hospitali, na kila mlangoni aliulizwa, "Una uzoefu?" Enyi waamini, niambieni: mtoto aliyevua joho jana, huo uzoefu ataufuma kwa sindano? Tunamfungia mlango, halafu tunamuuliza mbona hajaingia! Hata maabara iliyomwajiri mwishowe haikumpokea.

Maana pale palikuwa na desturi yao. Viti virefu vya mbele ya hadubini vilikuwa vya wenyeji, mgeni alisimama. Alisimama mwaka mzima akiosha vioo vya vipimo na kuchemsha chai, na kazi aliyoisomea akiichungulia juu ya mabega ya watu. Mkuu wa maabara, tena mzee wa kanisa, aliyaita hayo malezi. "Samaki mkunje angali mbichi," alikuwa akisema. Kumkunja, sawa, nani alikwambia umkaange? Binti alirudi nyumbani miguu imevimba. Baba yake aliingia karakanani akamtengenezea stuli ya mbao ngumu. "Beba, mwanangu. Wasipokupa pa kukaa, kaa." Akaibeba kichwani hadi kazini. Wenzake walimcheka, wakambandika jina la Stuli, na jina likamganda hadi kaburini.

Miaka ilipita, naye akawa mwenyeji, akapewa kiti cha hospitali na usimamizi wa zamu. Hapo ndipo wengi wetu husahau tulikotoka. Jumapili moja padre alihubiri juu ya kumkaribisha mgeni, na Mama Stuli, kama alivyosimulia mwenyewe, aliona aibu ikimpanda hadi masikioni, kwa kuwa stuli ya baba yake ilikuwa stoo, imewekewa ndoo. Kesho yake aliifuta vumbi, akaiweka kando ya kiti chake. Tangu hapo kila kijana aliyeanza kazi aliikalia bega kwa bega naye. Kijana alitazama kwenye hadubini kwanza, Mama akafuata, akiuliza, "Umeona nini? Sema tu, hapa haliwi mtu."

Jaribu kubwa lilimkuta alipokwenda kumzika baba yake. Msichana mmoja, mhitimu aliyeanza kazi wiki hiyo hiyo, aliachwa peke yake na chupa za damu. Mwenyeji wa zamu alikuwa amekwenda kunywa chai. Hakuna aliyemwonyesha utaratibu wa pale wa kubandika majina, naye akabandika mawili kinyume. Muuguzi wa wodi aligundua kabla mgonjwa hajawekewa damu, Mungu ashukuriwe. Lakini mkuu aliitisha kikao ili msichana afukuzwe, na nani angemwajiri tena baada ya hapo? Mama Stuli aliingia na nguo zake za msiba.

"Nani alimfundisha kazi hii?" aliuliza.

Yule wa chai alitazama viatu vyake.

"Amesoma chuo. Alipaswa kujua," alisema mkuu.

"Hata wewe umesoma chuo, baba, na siku ya kwanza ulionyeshwa choo kilipo." Watu walicheka, mkuu hakucheka. "Kama hakuna aliyemfundisha, kosa ni la zamu, na zamu ni yangu. Mwacheni mtoto. Niondoeni mimi."

Wakamwondoa! Watu waliokomunika asubuhi hiyo hiyo walimvua usimamizi, wakampeleka kwenye sinki kuosha vioo, mwanamke wa umri wa mama wa wengi wao. Msichana alibaki kazini. Kila mchana aliibeba stuli hadi kwenye sinki, na Mama akaendelea kumfundisha, mikono imo kwenye povu. Hivyo ndivyo alivyoishi hadi mapafu yalipomshinda. Maneno yake ya mwisho kwa yule msichana yalikuwa, "Stuli isikae bure."

Waamini husimulia kwamba aliyeikalia stuli ile mikono haikumtetemeka tena kazini. Sibishi. Kinachoniudhi ni tulichofanya sisi. Tuliiweka kanisani, tukaiwashia mishumaa, tukaizungushia kamba na kibao: USIKALIE. Mkuu yule ndiye aliyelia kuliko wote siku ya kuizindua. Na kwenye ubao wa matangazo, hatua chache tu kutoka hapo, parokia ilikuwa ikitafuta karani kijana, mwenye uzoefu wa muda mrefu. Jamani! Hatuna haya?

Siku ya kumbukumbu ya kifo chake, yule msichana, ambaye sasa ndiye mkuu wa maabara, alipita katikati ya kanisa, akaifungua kamba, akajitwika stuli kichwani.

"Binti, hicho ni kitu kitakatifu!" mkuu wa zamani alimaka.

"Najua, baba. Nina mgeni anaanza kesho."

Basi anayetaka kumheshimu Mama Stuli asije kanisani kuitafuta. Aende maabara. Atamkuta kijana ameikalia, na tafadhali asimwinue.