Damu ya Sukari na Rangi ya Keki

Kabla sijaona chochote, nilisikia mtu akivunjwa shingo. Nilikuwa nimetoka shuleni, mkoba ungali mgongoni, na sauti ilitoka jikoni kwetu, kule nyuma ya nyumba, kupitia nyufa za mbao ambazo moshi ulikuwa umezipaka weusi kwa miaka mingi. Ilianza kavu, kama kuni inayokatika, kisha ikamalizikia kwenye umajimaji fulani ulionifanya nijishike koo. Halafu nikamsikia dada yangu akisema, kwa sauti ya mtu anayeonja mchuzi, "Bado. Huyo hajakufa vizuri. Rudia." Niliposukuma mlango nilimkuta Wawira amepiga magoti sakafuni, simu yake ikirekodi juu ya kigoda, na mbele yake jirani yetu Njeru, kijana wa bodaboda, ameshika kipande cha muwa kilichofungwa kwa kitambaa kilicholowa maji. Kando yao kulikuwa na kabichi iliyopigwa panga mara nyingi kuliko kabichi yoyote inavyohitaji. "Funga mlango," Wawira aliniambia bila kugeuka. "Kuku wanaingia kwenye sauti."

Nilikuwa na miaka kumi na Wawira kumi na tisa. Tuliishi juu ya Kianjokoma, mahali ambapo mashamba ya chai yanapanda hadi yanakutana na msitu, na ambapo asubuhi ya Julai ukungu hukaa kwenye majani mpaka mtu anachuma akiwa amelowa hadi viwiko. Wawira alikuwa amemaliza kidato cha nne na alikuwa akingoja. Kungoja huko alikujaza kwa filamu za damu. Alizinunua sokoni kwa mzee aliyezipanga kwenye turubai karibu na wauza vitunguu, sidii zenye picha zilizopauka kwa jua, zilizotengenezwa na watu wa mbali tusiowajua, watu ambao bila shaka hawakuwa na pesa lakini walikuwa na rangi nyekundu ya kutosha. Mama na Baba walipokuwa kwenye chai, tulifunga pazia tukazitazama. Mtu aliyevaa kitu usoni aliingia nyumbani mwa watu, na kuanzia hapo ilikuwa ni kukatwa tu: mikono, masikio, matumbo yaliyovutwa kama kamba ya kisima. Wiki ya kwanza nilijifunika sketi ya shule kichwani. Wiki ya tatu nilikuwa nikila githeri huku mtu akitolewa ini, na nilisimamisha kijiko mara moja tu, nilipouma kijiwe.

Nikikumbuka sasa, naona kwamba githeri lile lilikuwa uhakiki wangu wa kwanza. Filamu ya aina hiyo hujimaliza yenyewe. Damu ya kwanza inakushtua, ya pili inakukumbusha ya kwanza, na ikifika ya kumi inakuwa rangi tu, kama ya ukutani. Lakini kulikuwa na jambo jingine ambalo Wawira aliliona na mimi nikachelewa kuliona. Mkono uliokatwa ulikuwa wa mpira, na mshono wake ulionekana wazi karibu na kidole gumba. "Angalia hapo," aliniambia, akisimamisha picha. "Kuna mtu aliketi akashona huu mkono." Katika filamu za pesa nyingi huwezi kumwona huyo mtu. Katika hizi anaonekana kila mahali: ameshona, amechemsha, amepaka, amejificha nyuma ya kochi akipuliza damu kwa mrija. Mtazamaji anayemwona hujiambia kwamba hata yeye anaweza. Sijui aina nyingine ya filamu inayompa mtu maskini ujasiri wa haraka namna hiyo.

Ujasiri huo ndio uliomgonganisha Wawira na Baba. Baba alikuwa mkulima wa chai, mjumbe wa kamati ya kituo chetu cha kupimia majani, mtu wa maneno machache na kofia moja. Alikuwa amemtafutia Wawira nafasi katika chuo cha ualimu. Wawira naye alikuwa amempata mpiga video mmoja mjini Embu aliyekubali kumfundisha kazi, na hakutaka kusikia habari za chaki. Walibishana kwa siku kadhaa, wakati wa chakula tu, kwa sababu Baba hakuwa na wakati mwingine. Mwishoni alisema, "Haya. Tengeneza hiyo sinema yako. Nitaita majirani waje waitazame hapa. Wakitoka wakicheka, Januari unaenda ualimu na hutaniambia neno. Wasipocheka, nitakusikiliza." Mama alicheka hapo hapo. "Sinema ya kukatana, na majirani zetu, halafu wasicheke? Wewe Wawira, anza kufunga sanduku la chuo." Baba naye alionekana ametulia, kama mtu aliyekwisha kupima majani akajua uzito wake kabla ya mzani kusema.

Tulipiga filamu kwa Jumapili tatu, baada ya kanisa, kwa sababu Jumapili chai haichumwi na kituo kilikuwa kitupu. Wawira aliazima kamera ya mpiga video wa harusi, yenye betri iliyodumu muda mfupi kuliko mahubiri. Damu tuliipika wenyewe: sukari iliyochemshwa hadi ikawa nzito, rangi nyekundu ya keki, unga kidogo wa kuifanya isikimbie. Njeru alikuwa muuaji, amevaa gunia la chai lililotobolewa macho. Tatizo la Njeru lilikuwa malezi yake. Kila alipomchoma mtu alisema "pole." Wawira alimkemea, akaacha kulisema kwa nguvu, lakini ukisikiliza kwa makini filamu ile utalisikia chini ya gunia, pole, pole sana, kila panga likishuka. Maiti wa kwanza alikuwa binamu yetu Ireri, aliyening'inizwa kwenye ndoano za mzani wa majani na kumwagiwa karibu sufuria nzima. Hatukuwa tumewafikiria nyuki wa msituni. Walifika mmoja mmoja, kisha wote. Maiti alivumilia kadiri alivyoweza, halafu akafungua macho, akapiga kelele ambazo hakuna mwigizaji angefundishwa, akashuka kwenye ndoano na kukimbilia kwenye chai ya watu. Muuaji alimfuata mbio akimpungia gunia. Hatukuwa na sukari ya kurudia. Wawira aliamua kwamba itabaki hivyo.

Mimi nilikuwa maiti wa nne. Nilitakiwa kulala jikoni kando ya jiko, damu usoni, na Cucu, nyanya yetu mzaa baba, aingie, anione, apige kelele, kisha Njeru amuue naye. Cucu alikuwa na miaka zaidi ya sabini na alikubali kwa sharti kwamba asivuliwe kitambaa cha kichwani. Nilifumba macho. Damu ilinukia kama peremende iliyoungua, na sakafu ya udongo ilikuwa na baridi. Nilisikia hatua za Cucu zikiingia na kusimama. Nilingoja kelele. Badala yake nilisikia magoti yake yakishuka polepole, kisha kitambaa kikifunguliwa, kile kile alichokataa kuvuliwa, na kitu laini kikaanza kunifuta uso. "Mugendi," alisema. "Mugendi wangu." Nilidhani amesahau jina langu. Aliendelea kwa Kiembu, kwa sauti ya chini kabisa, kama mtu anayeongea na mtoto mwenye homa. "Mama yako yuko kwenye chai. Nani atamwendea? Mimi siwezi kukuacha hapa peke yako nikimbie huko juu, nzi watakuja. Ngoja nikufunike kwanza." Alinifunika. Kisha akainua sauti, na nikajua hamwongeleshi maiti tena. "Wewe wa gunia. Umesimama tu hapo? Kimbia ukamwite mama yake." Na Njeru, muuaji wa watu wanne, akajibu kwa haraka, "Ndiyo, Cucu," nikamsikia akitoka mbio.

"Kata!" Wawira alisema, ingawa muda mrefu baadaye. "Cucu, umeharibu! Nilikuambia upige kelele."

"Mtoto amekufa, unataka nipige kelele tu?" Cucu alimjibu, akiwa bado ameketi chini. "Na nani angemfunika? Nyinyi watu wa sinema mnaua, mnaua, hakuna hata mmoja anayeuliza huyu ni wa nani."

Wawira alitaka kuitoa sehemu hiyo. Nilimwona akiitazama kwenye kile kioo kidogo cha kamera, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, huku akiguguna ncha ya kidole. Hakuniambia Mugendi alikuwa nani, wala mimi sikuuliza.

Majirani walikuja Jumapili ya nne alasiri. Tulifunika madirisha kwa mablanketi, runinga na deki zikawekwa juu ya meza ya Mama, na watu wakajaa sebuleni hadi mlangoni, watoto wakikaa kwenye miguu ya watu wasiowahusu. Walicheka. Walicheka mkono ulipokatika ukaonyesha soksi iliyojazwa vitambaa. Walicheka gunia. Nyuki walipofika, mzee mmoja wa kanisa alicheka hadi akashikiliwa. "Maiti, kimbia!" mtu alipaza sauti. "Ireri, umesahau kiatu!" Na Njeru, aliyekuwa ameketi kwenye kona, aliulizwa na kila mtu kwa nini anawaombea msamaha watu anaowachinja. Wawira alikuwa amesimama kando ya runinga na hakumtazama mtu. Baba aliketi mbele, kofia gotini. Hakucheka, lakini hakuhitaji kucheka, wengine walikuwa wakimfanyia kazi hiyo.

Kisha Cucu akaingia jikoni, kwenye kioo cha runinga, na kupiga magoti. Kulikuwa na kicheko kimoja, cha mtoto, kikanyamazishwa. Aliposema lile jina, nilisikia chumba kizima kikivuta pumzi, na nikaelewa kwamba watu wote mle ndani walimjua Mugendi isipokuwa mimi na watoto wenzangu. Alikuwa kaka yetu, nilikuja kuambiwa baadaye. Alikuwa amekufa kwa homa kabla sijazaliwa, akiwa na miaka mitatu, nyumbani, peke yake na Cucu, Baba na Mama wakiwa kwenye chai. Hata lile agizo kwa muuaji halikuchekesha mtu. Filamu iliisha dakika chache baadaye kwa panga na damu nyingine nyingi, ambayo sidhani kama kuna aliyeiona. Hakuna aliyeinuka. Mama ndiye aliyezungumza. "Rudisha pale," alimwambia Wawira. Wawira akarudisha. Mama aliisogelea runinga, akasikiliza hadi mwisho, mkono wake ukiwa juu ya ukingo wa meza. "Sikuwahi kujua alimwambia nini," alisema, bila kumwambia mtu yeyote. Cucu, kwenye kiti chake, alikuwa akijifunga upya kitambaa cha kichwani. Majirani walitoka mmoja mmoja, wakimpa Mama mkono, kama vile mtu anavyotoka matangani.

Asubuhi yake Baba alimwita Wawira kabla ya kwenda shambani. Nilikuwa nikinywa chai, nikasikia. "Yale maneno ya Cucu, ni wewe uliyemfundisha?" Angeweza kusema ndiyo. Kila kitu alichokitaka kilikuwa ndani ya neno hilo moja. "Hapana, Baba. Mimi nilitaka apige kelele." Baba aliizungusha kofia mkononi. "Lakini hukuzima kamera," alisema. Kisha akavaa kofia, akaenda kuchuma. Januari Wawira alishuka Embu kwa yule mpiga video, na sanduku lililokusudiwa chuo cha ualimu.

Leo Cucu hayupo, na kituo cha chai kimejengwa upya kwa mawe. Wawira anajipatia riziki kwa kupiga video za mazishi na harusi, kuanzia Embu hadi Laare kwenye mashamba ya miraa, na akipata nafasi anatengeneza filamu za damu ambazo vijana huzitazama kwenye simu, wakiwa wamekaa juu ya pikipiki. Amepata rangi bora, na mkono wa mpira usio na mshono. Mimi naandika riwaya, na yeye hunicheka kwamba watu wangu huchukua kurasa mia mbili kufa na bado hawatoi damu. Ana haki. Filamu zake zina jambo ambalo vitabu vyangu havina: mtu huzitazama akiwa amebanana na wenzake, anapiga kelele na kucheka, na hofu aliyoingia nayo peke yake anaigawa chumbani. Nakumbuka maiti akikimbizwa na nyuki kuliko ninavyokumbuka vitabu vingi nilivyosoma chuoni. Lakini udhaifu wa filamu zenyewe ni ule ule uliotajwa na mwanamke aliyeketi kwenye sakafu ya udongo. Wafu wa filamu hizi hawana mtu. Hakuna aliyeitwa kutoka shambani, hakuna turubai la matanga, hakuna chai ya waombolezaji. Sijaona filamu ya namna hiyo ambayo mtu alimfunika mwingine, isipokuwa moja, na hiyo ilitokea kwa sababu mwigizaji hakutii.

Desemba iliyopita Wawira alikuja nyumbani na filamu yake mpya, kama afanyavyo kila mwaka, akamwonyesha Baba kwanza. Baba sasa hachumi chai, anakaa kwenye kiti kile kile cha mbele. Alitazama watu tisa wakifa. Iliyobaki ilikuwa sehemu ya mwisho, ambayo ilikuwa bado haijapigwa, na Wawira alikuwa amekwisha kujitwika begi la kamera kwa sababu watu wake walikuwa wakimngoja barabarani.

"Wawira," Baba alisema. "Huyo msichana aliyekufa mwisho. Ni wa nani?"

Wawira alisimama mlangoni, mkono kwenye komeo. Nilidhani atafanya mzaha, kama kawaida yake. "Nitamtafutia mtu, Baba," alisema.

Ule mlango wetu wa chuma hukwama, lazima uuvute mara mbili. Aliuvuta mara ya kwanza, akauvuta mara ya pili, ukafungika.