Kompyuta ya Mwanapili na Bei Mbili

Saa moja asubuhi, Mwanapili Chirau anakunjua shuka la kwanza la siku na kulinyanyua kwenye mwanga wa dirisha. Anatafuta madoa ya mafuta ya kujikinga na jua, ambayo hujificha mpaka shuka lipigwe pasi. Nyuma yake mashine za kufulia zinanguruma.

Hii ndiyo kazi yake kwa miaka kumi na mmoja, katika hoteli moja ya ufuoni Diani. Mshahara ni shilingi elfu kumi na nane kwa mwezi, wageni wakiwapo. Masika yakianza wageni huondoka, na wafuaji wengi huambiwa wakae nyumbani bila malipo hadi Julai.

"Miezi hiyo unakula akiba," anasema mama huyu wa watoto wawili, mkazi wa Kinondo. "Nikaona lazima nipate kitu cha kunishikilia."

Kila jioni aliwaona vijana wa mtaa wake wakikodi pikipiki kwenda Ukunda kucheza mpira wa kompyuta. Yeye alikuwa na chumba cha mbele kisicho na kazi. Aliambiwa kuwa kompyuta ya gemu ingewavuta vijana hao jioni, na mchana itumike kuchapisha barua na kujaza maombi ya kazi.

Aliyemwambia ni Alfani, mtoto wa mama yake mdogo, aliyewahi kufanya kazi katika ofisi ya hoteli na ndiye mjuzi wa kompyuta katika ukoo.

Mwanapili alikuwa ameweka shilingi laki moja na elfu arobaini kwenye chama cha akina mama. Mumewe, Issa, mlinzi wa nyumba za wageni, alitaka wasipite elfu hamsini. Alfani akasema kwa bei hiyo watauziwa bati tupu. Nzuri ipo Ukunda, kwa fundi aitwaye Griffin, inawaka taa za kila rangi, na bei yake ni laki moja na elfu thelathini.

Kilichomtia shaka Mwanapili ni haraka. Alfani alipiga simu kila asubuhi. Mara kuna mteja mwingine, mara bei itapanda Ijumaa. Alipoomba akaione kwanza, Alfani alisema fundi hapendi kusumbuliwa. Apewe yeye pesa, atazifikisha.

"Muuza duka gani huyo asiyetaka kuonana na mnunuzi?" anauliza Mwanapili.

Hata hivyo alijilaumu. Mama yake alipougua, ni Alfani aliyempeleka hospitalini Msambweni na kumwuguza. Kumshuku mtu kama huyo kulimchoma moyo.

Siku yake ya mapumziko alivaa buibui, akapanda tuktuk hadi Ukunda bila kumwambia hata mumewe. Dukani alimkuta Griffin, kijana aliyetoka bara, akamwuliza bei ya ile mashine ya taa kama mteja yeyote. Akajibiwa laki moja na elfu kumi.

Mwanapili akajitambulisha kuwa yeye ndiye dada yake Alfani, aliyeambiwa laki moja na elfu thelathini.

Griffin aliweka bisibisi mezani. "Mama, hiyo elfu ishirini ingine si yangu, ni ya huyo jamaa," alisema. "Bei yangu haijabadilika."

Hilo nalo hakulimeza. Mtu aliyemgeuka mwenzake upesi hivyo, atashindwaje kumgeuka yeye? Akamwuliza kama mpira unahitaji mashine kubwa namna ile. Griffin alisita, kisha akamwonyesha nyingine chini ya meza, nyeusi, haina taa. Ni elfu sitini na tano, alisema, na kwa mpira inatosha, ila gemu mpya nzito haitaziweza.

Mwanapili aliomba iwashwe. Alikaa pale tangu adhuhuri hadi alasiri, vijana waliopita wakialikwa kuicheza, yeye akiipapasa ubavuni kila mara. Ilipata moto lakini haikuzima. Aliaga bila kulipa.

Keshoye Alfani alikuja Kinondo. Baada ya shikamoo na chai, Mwanapili alimwuliza bei kwa mara nyingine. Anasema aliomba kimoyomoyo ajibu vingine. Alfani alirudia ile ile.

"Mimi nilikwenda, Alfani," alimwambia.

Alfani aliweka kikombe chini. "Dada, mimi pia nina watoto," alisema. "Nimekutafutia siku nyingi na hukuniuliza nakula nini."

"Ungeniomba ningekupa."

Aliondoka bila kumaliza chai. Tangu hapo mama mdogo hajakanyaga kwa Mwanapili, na jamaa wengine wanasema amemwaibisha kijana kwa pesa kidogo.

Wiki iliyofuata alilipa elfu sitini na tano, mbele ya Issa, akachukua risiti na nakala ya kitambulisho cha Griffin. Sasa kompyuta imefunikwa kitambaa chumbani. Pesa iliyobaki anaitunza ije kuvusha masika, na anapanga kufungua mlango siku hoteli itakapompumzisha.

Tatizo ni moja. Yeye hajui kuiendesha, na Issa hajui hata kuiwasha.

"Nitamwita Alfani," anasema, akikunja shuka. "Nitamlipa kila wiki, na kila mtu ajue ni kiasi gani. Ni ndugu yangu na kazi anaijua." Anaweka shuka juu ya mengine na kulisawazisha kwa kiganja. "Lakini wateja watalipa kwa namba yangu ya simu."