Utepe Uliogoma Kwenye Joto

Saa moja asubuhi, katikati ya Januari, Otilia Hriscu anafungua madirisha yote mawili ya maabara yake mjini Iași. Joto la chumba amelizima tangu jana. Nje ni nyuzi nane chini ya sifuri, naye amevaa koti, kofia ya sufu na glavu zilizokatwa vidole.

"Mama, utatuua," analalamika mtafiti mwenzake, Ilinca Stavarache, akijikunyata kwenye kiti.

"Vaa soksi mbili. Sisi tuliandika makala humu humu tukiwa hivi."

Makala hiyo ndiyo iliyowatoa kitandani. Otilia, mwenye miaka 68, aliichapisha mwaka 1985. Ilihusu utepe mwembamba wa aloi, yaani mchanganyiko wa chuma, madini ya zirkoni na boroni kidogo, ulioyeyushwa na kumwagwa juu ya gurudumu la shaba linalozunguka kwa kasi. Alidai utepe huo unavutwa na sumaku kwa nguvu sana.

Watafiti wengine wameinukuu mara 218. Katika taasisi yao hakuna makala inayoikaribia, na tume inayogawa vyumba na fedha huangalia hesabu hiyo kwanza.

Mwaka jana Ilinca aliamua kuzisoma nukuu hizo badala ya kuzihesabu. Zaidi ya 160 zilisema jambo moja: tumejaribu, utepe haushiki sumaku. Otilia alicheka mpaka akatoa machozi, halafu kicheko kikaisha, machozi yakabaki.

Yalikuwa ya kumlilia Costache Bulai, fundi wao wa tanuri wa siku zile.

Majira ya baridi ya 1985 umeme na joto vilikatwa ovyo mji mzima. Costache alikuwa akichemsha chai kwenye vyombo vya sampuli na kuchoma viazi mdomoni mwa tanuri. Yeye na watafiti walipima mvuto wa sumaku wakiwa wamevaa makoti, wakitaniana ni nani pua yake itadondoka kwanza. "Ilikuwa dhiki tupu," anasema Otilia, "lakini furaha ile sijaipata tena. Nawakumbuka wote, na wengi hawapo."

Kwenye makala, jina la Costache halikuwemo kati ya waandishi. Kwa desturi ya siku hizo fundi alishukuriwa mwishoni, kwa mstari mmoja. Ila barua za kwanza za malalamiko zilipofika kutoka nje mwaka 1987, jina lake lilikumbukwa haraka. Mkurugenzi wa wakati huo alisema fundi amekosea kuchanganya, akampeleka stoo. Huko aligawa misumari na balbu kwa miaka kumi na tisa, hadi alipostaafu. Alifariki 2009.

"Nilinyamaza," anasema Otilia. "Nilikuwa na miaka thelathini na mtoto mchanga, niliogopa kumwaga unga. Na moyoni niliamini kidogo kwamba kweli alikosea. Hilo ndilo linaloniuma."

Novemba iliyopita mabomba ya joto ya taasisi yaliharibika kwa siku tatu. Ilinca alitoa kipande cha utepe wa zamani kwenye kopo, akakisogeza karibu na sumaku. Kikaruka. Kiangazi kipande hicho hicho kilikuwa kimelala tu.

Utepe huo hupoteza uwezo wake ukipita nyuzi kumi na nne. Mwaka 1985 chumba kilikuwa na nyuzi tano, na hakuna aliyekumbuka kuliandika hilo. "Tulikuwa tumeganda tangu vuli," anasema Otilia. "Tulisahau kwamba wenzetu kwingine wanapima wakiwa na mashati."

Asubuhi hii kipimajoto kinafika tano. Utepe unaikimbilia sumaku. Ilinca anafunga madirisha, anawasha joto, na chumba kinapopita kumi na nne utepe unaanguka mezani. Ni mara ya saba wanarudia, na mara zote saba umefanya hivyo.

Mkuu wa idara amemshauri Otilia asubiri tume ipite mwezi Mei, maana makala ikishasahihishwa huenda nukuu zake zisihesabiwe, na chumba kikapewa wengine. Amekataa. Masahihisho yataondoka Ijumaa, na jina la kwanza ni la Costache.

Alimpigia simu mjane wake, Bi Aglaia, mwenye miaka 84.

"Alikuwa anaacha kijiko hewani tukila, mwanangu," alisema mama huyo. "Ananiuliza, Aglaia, niliweka nini mle? Mimi ningejua nini?"

Jumapili Otilia atapanda treni kwenda kumsomea mjane huyo ukurasa wa masahihisho. Kuhusu tume, anasema ikitaka chumba ikichukue, na nukuu zake 218 wazifute wakipenda. Anatamani moja tu mpya.

"Mtu yeyote, popote alipo, aandike: Bulai na Hriscu. Kwa mpangilio huo."