Nilijiita Mama Nyemo

Admin, naomba unifichie jina, maana majirani zangu karibu wote wanafuatilia ukurasa huu na mmoja wao huwa ananitumia visa vya watu tucheke. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, fundi cherehani, naishi Nzuguni hapa Dodoma. Mume wangu ni dereva wa malori ya mikoani. Ndoa yetu ina miaka saba na hatujapata mtoto.

Wanaopitia hali hii watanielewa. Mwezi ukikaribia kuisha naingia chooni kila saa kujiangalia. Sherehe za ubatizo wa watoto wa watu niliacha kwenda. Mama mkwe akipiga simu nilikuwa naiacha iite mpaka ikatike, kwa sababu salamu yake ilikuwa moja tu, "Vipi, bado?" Nilikwenda hospitali peke yangu, kimyakimya, nikaambiwa mirija yangu yote miwili imeziba. Mume wangu sikumwambia. Nilisema nitatafuta siku nzuri ya kumwambia, na siku nzuri haikufika.

Miaka miwili iliyopita tulihama nyumba ya kupanga Area D tukaja kwenye nyumba yetu huku. Siku ya kwanza, nikiwa nashusha vyombo, jirani mmoja, nimwite Mama Doreen, akaja kunisaidia kubeba ndoo. Akauliza kama wanavyouliza wote, "Karibu sana jirani. Tukuite mama nani?" Kule Area D nilizoea kujibu kwamba bado, halafu naangaliwa kwa huruma. Siku ile nilikuwa nimechoka kuhurumiwa. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Mama Nyemo." Majina mengine humu nimebadilisha, hilo sikuona haja, maana mwenyewe hayupo. Nyemo kwa Kigogo ni furaha, na ndilo jina nililomtunzia binti yangu tangu naolewa.

Akauliza mtoto yuko wapi. Nikasema yuko Mpwapwa kwa bibi yake, anasoma darasa la kwanza. Basi uongo nao ukawa unapanda madarasa. Leo Nyemo yuko la tatu na hesabu zinamsumbua kidogo. Mama Doreen alinipa sweta za shule zilizombana Doreen nimpelekee, nikapokea, nikashukuru, nikazificha kabatini. Na niseme ukweli, nilikuwa na raha. Mtaa mzima ulikuwa unaniita kwa jina la mwanangu.

Mume wangu hakujua chochote kwa sababu muda mwingi yuko safarini. Mwezi uliopita lori lake liliingia gereji, akakaa nyumbani wiki nzima. Asubuhi moja alitoka kwenda dukani, Mama Doreen akamsalimia, "Baba Nyemo, za safari? Mwanetu anafunga lini shule?" Akarudi ndani, akaketi karibu na cherehani yangu, akaniuliza taratibu, "Nyemo ni nani?"

Nilipaswa kusema palepale. Nikaanza kulia, na yeye akakielewa kilio changu kwa namna yake. Akasema, "Ulizaa kabla hatujajuana. Ukaogopa kuniambia." Nikaitikia kwa kichwa. Mungu anisamehe, nikaitikia kwa kichwa.

Nilitegemea kofi, au niambiwe nifungashe nguo zangu. Yeye akasema, "Basi kumbe ni mimi."

Jioni alimpigia mama yake nikiwa hapohapo. "Mama, naomba usimseme tena mke wangu. Mwenzangu kizazi anacho. Tatizo ni langu." Siku chache baadaye mama mkwe alikuja na kuku na unga wa uwele. Nikampigia goti, "Shikamoo mama." Akanishika mikono yote miwili, akasema, "Marahaba. Nisamehe mwanangu, nilikuonea." Miaka yote saba hakuwahi kuniita mwanangu. Yule kuku nilimpika vizuri tu, lakini sikula hata kipande.

Tangu hapo mume wangu amekuwa mpole kupita kiasi, na huo upole ndio unaonimaliza. Wenzake wakianza utani wa watoto kijiweni anainuka anaondoka. Nilimwambia akapime, akanijibu, "Nipime nini tena, jibu si ninalo?" Amefika mahali pa kuniambia kwamba nikitaka kwenda kuanza maisha kwingine hatanilaumu. Ninayejua ukweli nipo, nimekaa kimya, namwangalia anavyokonda.

Halafu akauliza mtoto yuko wapi, nikasema Mpwapwa, kwa bibi mmoja wa ukoo wetu asiyemfahamu. Akasema Nyemo hawezi kuendelea kulelewa na bibi wakati baba yupo. Amepaka rangi chumba cha nyuma, ametengenezesha na kitanda. Jana alinipigia akiwa njiani, anauliza mtoto anavaa viatu namba ngapi. Nikamjibu bila hata kufikiri, "Thelathini na mbili."

Jumamosi anarudi. Amesema Jumapili tukitoka kanisani tunakwenda wote Mpwapwa kumchukua. Nimewaza hata kumwomba dada yangu binti yake nimfundishe kuitika jina hilo, nikajiona nimekuwa mtu wa ajabu. Msimalize bando kunitukana, nimeshajitukana mwenyewe vya kutosha. Kwamba nimwambie, hilo najua. Nikinyamaza ataendelea kujiona si mwanaume kwa sababu yangu. Nikisema, nitamtua mzigo huo, lakini palepale namnyang'anya mtoto ambaye ameshaanza kumpenda. Ndugu zangu mlio kwenye ndoa, na hasa ninyi akina baba, niambieni: mume wangu akiingia na hivyo viatu mkononi, neno la kwanza nimwambie lipi?