Harufu ya Migomba Ukutani

Nikipita penye mgomba uliokatwa ukaachwa uoze, hata leo na uzee huu, miguu yangu husita. Harufu ile tamu ya kuchacha ndiyo iliyonifuata mwaka tulioambiwa tupanue ndiva, bwawa la udongo ambamo sisi Wapare hukusanya maji ya usiku kucha ili asubuhi tuyafungulie mashamba.

Nilikuwa na miaka tisa na pua isiyo na adabu. Nilinusa chakula kabla ya kula, hata ugenini, na mama alinifinya mpaka nikazoea kufinywa. Dada yake baba, shangazi yangu, ndiye peke yake aliyeipenda pua hiyo. Aliniita nimnusie maharage ya mbegu kabla ya kuyahifadhi. Nyumba yake ilikuwa chini kidogo ya ndiva.

Shamba la ujamaa lilitaka maji mengi, na baba ndiye aliyesimamia msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja. Tangu zamani udongo ulishindiliwa kwa miguu, tabaka juu ya tabaka, wiki nyingi. Lakini mgeni kutoka wilayani alikuwa njiani, basi katikati ya ukuta wakajaza mashina ya migomba, wakayafunika kwa tope. Ukapendeza. Mgeni akausifu sana.

Masika yalipoanza, maji ya mfereji utokao ndivani yakaanza kunuka. Wenzangu walichota, wakanywa, wakanicheka nilipoyakataa. Mimi nilinusa migomba iliyooza, na kila asubuhi harufu ilizidi.

Jioni moja nilimwambia baba, akiwa ananawa miguu.

"Baba, ukuta unaoza kwa ndani."

"Nani kakwambia?"

"Nimenusa."

Aliacha kunawa. Nadhani aliogopa. "Usinitie aibu kijijini," alisema. "Na usimwambie mtu."

Nilikuwa mtoto mtiifu, kwa bahati mbaya. Kesho yake nilimwamkia shangazi, akaitikia marahaba, akauliza, "Haya, pua yangu, leo kuna habari gani?" Nikasema hakuna. Alinipa ndizi ya kuchoma, nikaila bila kuinusa.

Ukuta ulipasuka siku ya tatu, alfajiri. Tulisikia mngurumo, kisha mbuzi wakilia, kisha kimya. Nyumba ya shangazi haikuwepo tena. Yeye tulimkuta mchana, kwenye mashamba ya chini.

Baba hakulizungumza kamwe. Kiangazi, ukuta ulipojengwa upya kwa miguu, kila siku alirudi nyumbani na donge la tope la ukuta huo kiganjani. Alilileta chini ya pua yangu, akasubiri ninuse.

"Ni udongo tu, baba," nilimwambia, naye akaenda zake.

Nilimchukia kwa hilo, nikidhani ananisuta kwa kunyamaza kwangu. Nilikuwa mtu mzima, nalipwa kuchagua kahawa kwa kuinusa, ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa akiniomba radhi. Wakati huo alikuwa amekwishazikwa, kando ya dada yake.