Karani wa Ghala na Diski ya Kasi

Kila Jumamosi karani wa ghala la mahindi huingia dukani kwa Hasna, pale Chanji, kuulizia diski ya kasi ya kompyuta yake. Gemu lake la mpira hufunguka polepole mno. Akifika uwanjani, wenzake huwa wameshafungwa mabao mawili. Huigeuza diski kwa vidole vyenye vumbi la mahindi, huipima kiganjani, kisha huirudisha taratibu.

"Bei itashuka, dada. Mwenye akili hauzi mahindi Julai, bei ikiwa chini."

"Kaka, hapa wewe ndiye mnunuzi," Hasna humjibu, meno yameumana.

Leo alimwambia diski imeshachukuliwa na mtu wa Kaengesa. Karani alishusha pumzi, mabega yakalegea kama ya mtu aliyetuliwa gunia.

"Afadhali," akasema. "Nyingine zinakuja lini?"